Kwa Nini Sikutia Saini Neno Zuhalpa

Nimestaafu, lakini sijamwomba mtu radhi. Naanza na hilo kwa sababu kila kijana anayeingia hapa kwangu Nyakato na kuona makasha ya kadi za maneno yamepangwa mpaka yakaziba nusu ya dirisha, swali lake ni lile lile: "Madamu, hii kazi ilikuwa ya nini hasa?" Na uso wake umeshajibu kabla yangu. Anangoja niseme nilipoteza muda, tucheke kidogo, tunywe chai.

Sicheki. Chai nitakupa, lakini ukae usikilize.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesoma maandishi ya watu waliokufa zamani sana, walioishi katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Waliitwa Wahiti. Wakristo wenzangu mmewahi kusikia wakitajwa kanisani, mkadhani ni kabila la jirani tu. Walikuwa na wafalme, mahakama, mashamba na ng'ombe. Hawakuandika kwenye karatasi. Walikanda udongo, wakausawazisha ukawa kibao, kidogo kama kiganja au kikubwa kama tofali, kisha wakauchoma kwa ncha ya mwanzi ungali mbichi. Kila mchomo uliacha alama yenye umbo la kabari. Miji yao ilipoungua, vibao vikaiva motoni kama vyungu, ndiyo maana vimedumu. Kazi yangu ilikuwa kuvisoma, na kuwasaidia watunzi wa kamusi kubwa ya lugha hiyo kuamua kila neno lina maana gani.

Mnasema ni kazi ya ajabu kwa binti wa mfugaji wa Butiama. Mimi huuliza, ya ajabu kwa nani? Waliokuwa wakiifanya wengi wao walizaliwa kwenye miji mikubwa ya Ulaya, na hakuna Mhiti aliyewahi kuzaliwa huko. Sote tulikuwa wageni kwa wafu wale. Wenzangu walifika mapema tu.

Nilipata nafasi ya kwenda kusoma Uturuki nikiwa msichana. Nilienda kusoma historia, nikaangukia mikononi mwa mwanamke mmoja aliyeitwa Nermin, mtunza vibao katika jumba la makumbusho. Bi Nermin alikuwa mfupi, mvutaji wa sigara, na hakuwa na subira na mtu anayesema "nadhani". Siku ya kwanza alizima taa zote za chumba mchana kweupe, akafunga mapazia, akanipa tochi na kibao kimoja.

"Soma," akasema.

Nikamulika kibao kwa juu. Sikuona kitu, ni udongo mtupu. Akanishika mkono, akaushusha mpaka tochi ikawa imelala karibu na meza, upande wa kushoto. Papo hapo kibao kizima kikajaa vivuli, na kila kabari ikasimama. Huo ndio ufundi wa kwanza niliojifunza, na mpaka leo sijaona mashine iliyoushinda: usimulike kitu usoni, kimulike ubavuni. Siku hizi kuna kamera zinazopiga picha kutoka pande zote, na kompyuta inakizungusha kibao kama mkate. Ni nzuri, nazitumia. Lakini hata hizo zinaiga mkono wa Bi Nermin.

Makosa yangu nayo msiyakose. Mwaka wa kwanza nilisoma kibao kimoja nikakuta jina la mfalme asiyejulikana. Nililitazama wiki nzima. Nikaandika kurasa sita: mfalme huyu alikuwa nani, alitawala wapi, kwa nini alisahauliwa. Bi Nermin alinipita kila siku akaona ninaandika, akaniacha. Ijumaa akachukua kibao, akaweka ukucha wake juu ya alama ya mwisho ya lile jina. Ukaingia sawasawa. Alama yangu ilikuwa ukucha wa mwandishi, aliposhika udongo mbichi kukigeuza kibao.

"Mfalme wako amefariki," akaniambia. "Nenda ukale."

Kurasa zile sita ninazo bado, na nikijiona nimeanza kuwa na uhakika mwingi, ninazisoma.

Baba alipougua nilirudi nyumbani. Watu walidhani ndiyo mwisho wa mambo ya Wahiti. Nilipata kazi ya kufundisha historia katika shule ya sekondari Bunda, na jioni na siku za Jumamosi nikaendelea na vibao. Wale wa kamusi waliniletea picha kwa posta. Nilikuwaga nazisubiri kama wengine wanavyosubiri barua ya mchumba. Baadaye ikaja barua pepe, nikawa napanda basi kwenda Musoma, kwenye kibanda cha intaneti, picha moja inafunguka taratibu huku nyuma yangu watu wamepanga foleni wakiguna. Mwenye kibanda aliniuliza siku moja kama naangalia matofali ya kujengea. Nikamwambia ndiyo, najenga.

Sasa niwaeleze jambo moja la ufundi, maana bila hilo hamtaelewa ugomvi wangu. Wahiti walipoandika jina la kitu, mara nyingi waliweka alama mbele yake inayosema kitu hicho ni cha aina gani. Kuna alama ya mti, ya chungu, ya ngozi, ya mtu. Haitamkwi, inaonekana tu. Mswahili anaelewa hili haraka kuliko Mzungu, kwa sababu tuna ngeli: ukisikia mwanzo wa neno unajua kama ni mtu au kitu. Najua sisi watu wa Mara tunachekwaga kwa ngeli zetu. Mtu wa pwani akisikia "kitabu yangu imepotea" anashika kichwa. Mwache ashike. Anayejua kwamba kuna ngeli ya kukosea, huyo tayari ana sikio ambalo Wazungu wanalitafuta kwa miaka mitano chuoni.

Jambo la pili: Kihiti, kama lugha zetu, hakitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye vitenzi. "Analamba" ni analamba tu. Anaweza kuwa mfalme, mama mkwe au mbuzi.

Basi neno lenyewe ni zuhalpa. Linaonekana kwenye kibao kimoja tu, mara tatu. Juu kibao kimevunjika, kwa hiyo hatujui kilianzaje. Kilikutwa kwenye chumba kimoja na vibao vya ibada, na kwa sababu hiyo wazee waliotutangulia walisema nacho ni cha ibada. Mahali pa kwanza panasema: zuhalpa wanaiweka mbele yake, chumvi wanatia juu, yeye analamba, kisha yeye anatoa. Anatoa nini, pamevunjika. Mahali pa pili: zuhalpa ikioza, wafanye nyingine. Mahali pa tatu: zuhalpa mbwa asiione. Na hapo pa tatu, mbele ya neno, kuna alama iliyomomonyoka. Mchoraji wa kwanza aliyekinakili kibao kwa mkono, zamani, alikuwa ameichora kama alama ya mtu.

Mhariri mkuu wa kamusi, ambaye jina lake nitalifunika kwa heshima kwa sababu mambo mengine alinifundisha vizuri, aliamua hivi: zuhalpa ni kuhani aliyevaa kinyago. Kuhani anawekwa mbele ya mungu wa kike, anapakwa chumvi, mungu analamba, kisha anatoa baraka. Kuhani akichafuka, ateuliwe mwingine. Mbwa asimwone, kwa sababu mbwa ni najisi. Makala iliandikwa, na sisi wasaidizi wanne tukaombwa tuisome na kutia saini zetu chini kwamba tumekubali. Ndivyo ilivyokuwa desturi.

Niliisoma mara mbili. Kile kitenzi kinachosema "ikioza" nilikuwa nakifahamu. Kinatumika kwa nyama na kwa mbao. Sikuwahi kukiona kikitumika kwa kuhani. Lakini sikuwa na jibu lingine, na mtu asiye na jibu lingine ni vigumu kukataa. Nikaweka makala kwenye mkoba, nikaenda Butiama kumsalimia shangazi.

Shangazi yangu aliitwa Wakuru. Ni dada mkubwa wa baba. Alikuwa amebaki peke yake kwenye boma na ng'ombe wake wanane, na hakutaka mtu amsaidie kuwakamua. Nilimkuta asubuhi yuko zizini amekasirika. Ng'ombe mmoja alikuwa amezaa, ndama akafa baada ya siku chache, na sasa anazuia maziwa. Mnaofuga wa kienyeji mnajua. Ng'ombe wetu si kama wa kisasa. Bila kumwona mtoto wake haachii kitu, hata ukimbembeleza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usisogee hapo, atakupiga teke. Nenda jikoni, juu ya dari, niletee yule ndama."

Nikadhani umri umemfikia. "Ndama si amekufa, shangazi?"

"Amekufa ndiyo. Mlete."

Jikoni, juu kabisa karibu na paa, nikaikuta ngozi ya ndama iliyokaushwa, imejazwa nyasi na kushonwa tumboni. Miguu haikuwepo. Nikaibeba kama mtoto. Shangazi akaiweka chini mbele ya ng'ombe, akachukua chumvi kwenye kopo, akaipaka mgongoni pa ile ngozi. Ng'ombe akainusa. Akaanza kulamba. Shangazi akachuchumaa na kibuyu chake, akasubiri, na baada ya kitambo maziwa yakaanza kushuka.

Nilikaa chini palepale zizini na gauni langu la kazini. Niliyasikia yale maneno kichwani kwa Kihiti, moja baada ya jingine. Wanaiweka mbele yake. Chumvi wanatia juu. Analamba. Kisha anatoa.

Lakini Bi Nermin alikuwa amenizikia mfalme mmoja tayari, kwa hiyo nikajizuia. Sikumwambia shangazi chochote kuhusu kibao. Nilimuuliza tu, alipomaliza, "Kwa nini unaitunza juu vile, karibu na moshi?"

"Moshi unazuia isioze haraka. Ikioza ananusa, anakataa. Inabidi utengeneze nyingine, na ngozi nyingine utaitoa wapi?"

"Na chini je? Ungeitundika tu hapo mlangoni."

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyesoma sana. "Mbwa," akasema. "Mbwa akiiona una nini tena? Anaitafuna yote. Wewe huko shuleni hawana mbwa?"

Vijana, nimewahi kupata furaha nyingi katika maisha yangu, lakini ile ya "mbwa" sijaipata tena.

Nikamwandikia mhariri barua ndefu. Nikasema zuhalpa si mtu, ni ndama wa ngozi. Kibao si cha ibada, ni maagizo kwa wachungaji wa mifugo ya hekalu. Anayelamba ni ng'ombe, na anachotoa ni maziwa. Nikaeleza nilichokiona, nani alikifanya na alijibu nini. Nikaongeza na ushahidi mwingine niliouona mkubwa kuliko wote: kwenye picha, kabla ya zuhalpa ya kwanza, niliona alama ya majani. Zuhalpa ya majani. Imejazwa nyasi. Nakala nikawatumia wasaidizi wenzangu watatu.

Jibu lilikuja fupi. Kwanza, ng'ombe wa Afrika si ushahidi wa mambo ya Anatolia, yaani nchi ile ya Wahiti. Pili, kamusi haiwezi kutegemea maoni ya kienyeji. Tatu, saini yangu inahitajika kabla ya mwisho wa mwezi, kama wenzangu walivyokwisha kutia zao.

Nilikuwa nafundisha na mwalimu mmoja wa Kiswahili aitwaye Chacha, mtu mpole, rafiki yangu. Nikamwonyesha barua ofisini kwa walimu.

"Tia saini," akasema. "Ni neno moja, Madamu. Wana maneno mangapi?"

"Mengi sana."

"Sasa?"

"Sasa nikitia kwenye hili ninalojua si kweli, yale mengine yote niliyotia atayaamini nani? Mimi mwenyewe nitayaamini?"

"Watakuondoa."

"Waniondoe."

Nikaandika jibu la mistari mitatu. Nilisema nimesoma makala, siikubali, na sitatia saini. Nikasema kwamba maoni ya kienyeji ndiyo maoni pekee waliyokuwa nayo Wahiti, kwa sababu na wao walikuwa na kijiji. Chacha aliniomba nifute hiyo sentensi ya mwisho. Sikuifuta.

Wakaniondoa. Picha zikaacha kuja. Nikawa mwalimu wa historia tu, na pale Bunda hakuna aliyegundua tofauti, isipokuwa mwenye kibanda cha intaneti kule Musoma, aliyeuliza kama nyumba imeisha.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wengi wangeiruka. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nazitazama zile picha za zamani, bila sababu, kama mtu anavyofungua albamu. Miongoni mwake nikakuta picha nyingine ya kibao kile kile, iliyopigwa kwa mwanga wa upande mwingine. Nikatafuta ile alama yangu ya majani. Haikuwepo. Kwenye mwanga ule ilikuwa ufa. Ufa wa kawaida wa udongo, umepita katikati ya kabari mbili ukazifanya zionekane nne.

Nilikaa nayo siku tatu. Ushahidi wangu mkubwa kuliko wote ulikuwa ufa. Hakuna aliyekuwa ameligundua hilo. Nilikuwa nimeshafukuzwa, sina cha kupoteza kwa kunyamaza. Chacha, nilipomweleza, alishusha sauti.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi mimi sijasikia kitu. Madamu, hao watu walikudharau. Unataka kuwapa fimbo?"

"Fimbo yao watanipiga nayo siku moja tu," nikamwambia. "Nikinyamaza nitajipiga mwenyewe kila siku."

Niliandika barua nyingine kwa wote wanne. Nikasema: alama ya majani niliyoitaja haipo, ni ufa, nilikosea, naomba ifutwe kwenye hoja yangu. Kisha nikaandika kwamba bila majani hayo bado kuna chumvi, kulamba, kuoza na mbwa, na kwamba bado sitii saini.

Msifikiri nilijisikia shujaa. Nilijisikia mjinga. Nilipoitumbukiza barua posta Bunda niliona aibu hata kumtazama karani. Lakini nawaambia kwa kuwa nimeliona likitokea: msimamo wako unaweza kupoteza mguu mmoja ukabaki umesimama, ila uwe wewe uliyeukata. Akikukatia mwingine, unaanguka na mwili wote.

Mhariri hakujibu. Aliyejibu alikuwa Bi Nermin, ambaye mmoja wa wenzangu alimpelekea nakala. Wakati huo naye alikuwa amestaafu, mguu unamsumbua, sigara ameambiwa aache na hajaacha. Aliandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa kama za mtoto. Alisema watu wote tumekuwa tunagombana juu ya picha kana kwamba kibao chenyewe kimekufa, na kibao kipo, kwenye droo, ghorofa ya chini. Akaenda. Wakamruhusu kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkatalia. Akafunga mapazia, akalaza tochi yake upande wa kushoto.

Kuhusu ufa wangu alisema ni ufa kweli, na kwamba nilipaswa kuuona tangu mwanzo, na akakumbusha habari za mfalme. Kisha akashuka mpaka mahali pa tatu, pale mbele ya zuhalpa ambako mchoraji wa kwanza alichora alama ya mtu. Upande wa kushoto wa alama ulikuwa umemomonyoka, ndiyo, lakini mchoraji alichora alichodhani kilikuwepo. Kilichobaki hakiwezi kuwa alama ya mtu. Mikia ya kabari ni mingi mno. Bi Nermin alikichora upya, kikubwa, katikati ya ukurasa. Ilikuwa alama ya ngozi.

Chini yake aliandika: "Kuhani amefariki. Nenda ukale."

Nilienda nikala kweli. Nilimchukua Chacha na mke wake tukala sato wa kukaanga pale karibu na ziwa Musoma, tukakaa mpaka mchana ukapinda. Chacha alisema alijua tangu mwanzo. Nikamwachia.

Msidhani mambo yaligeuka siku hiyo. Mhariri mkuu alisema alama ya ngozi inaweza kumaanisha kinyago cha ngozi, kwa hiyo kuhani wake bado yuko, ila amevaa ngozi. Mtu akipenda kitu chake anaweza kukivalisha chochote. Ilibidi astaafu naye, akaja mhariri mpya, mwanamke kijana, ndipo nikapokea barua ya kuniomba nirudi. Alisema ameisoma hoja yangu, na kwamba kilichomfanya aiamini ni ile barua ya ufa. Alisema mtu aliyeandika ile barua hana haja ya kumdanganya kuhusu mbwa.

Nilifurahi, lakini nikasoma rasimu ya makala aliyoambatanisha mpaka chini. Maana ya neno ilikuwa yangu: ngozi ya ndama iliyojazwa, ya kumfanya ng'ombe aachie maziwa. Ilikuwa na alama ya kuuliza, nikasema sawa, neno linaonekana mara tatu tu, alama ya kuuliza ni haki yake. Tatizo lilikuwa kwenye tanbihi. Iliandikwa kwamba maana hii imependekezwa kwa msaada wa "mtoa habari wa kienyeji, Afrika Mashariki".

Nikakataa tena kutia saini.

Mhariri mpya alishangaa. Aliandika kwa upole kwamba tanbihi ni za watu waliochapisha vitabu, na shangazi yangu hajachapisha. Nikamjibu kwamba aliyekifukua kibao kile ametajwa jina ukurasa wa tatu, naye alikikuta tu. Shangazi yangu amekieleza. Akaandika kwamba haijawahi kufanyika. Nikamwandikia kwamba nami sikuwahi kumwona kuhani akioza, na bado kamusi ilikuwa tayari kumchapisha. Tukaandikiana hivyo mara tatu, kwa adabu, hakuna aliyepandisha sauti. Barua yangu ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja: jina lake, kazi yake, na mahali pake, au saini yangu haipo.

Kitabu kilipofika nilikipeleka Butiama. Shangazi alikuwa amezeeka sana, macho yamefifia, ng'ombe wamebaki watatu na sasa alikubali kusaidiwa. Nilimkalisha uani, nikamfungulia ukurasa, nikachukua kidole chake nikakiweka kwenye maandishi madogo ya chini, nikamsomea: Wakuru Nyamhanga, mfugaji, Butiama.

Akaupapasa ukurasa.

"Ni kitabu cha nani?" akauliza.

"Cha watu wanaosoma lugha ya zamani sana. Kuna jambo hawakulielewa, wewe ukawaeleza."

"Walikaa muda gani hawajaelewa?"

Nikamwambia ni tangu kabla hajazaliwa baba yake.

Akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma kabisa. "Na ng'ombe walikuwa wakiwakamuaje?"

Alifariki mwaka uliofuata, tukamzika boma lile lile, na padri aliposoma wasifu wake nilihakikisha amesoma na kile cheo chake cha kwenye kamusi. Baadhi ya ndugu walidhani natania.

Wengi wenu mtafanya kazi ambazo hakuna mtu wa nyumbani kwenu anazielewa. Mtakaa na watu watakaowaambia kwamba mnachokijua kutoka kwenu ni mapambo tu, na elimu ni ile mliyopewa kwenye darasa lao. Msigombane nao kwa kelele. Someni kibao chao vizuri kuliko wao, mkikosea mseme, na pale mnapojua kwamba mnajua, kalamu muiweke chini mezani na mikono muikunje.

Wiki iliyopita nimepata barua pepe kutoka kwa yule mhariri, ambaye sasa naye ana mvi. Anajua nimestaafu, anaomba msaada wa neno moja la mwisho. Limo kwenye orodha ya vitu vya ziwani, mbele yake kuna alama ya mwanzi, na wao wanafikiri ni aina ya kikapu cha sadaka. Akaongeza kwa heshima kwamba safari hii wangependa ushahidi ubaki ndani ya maandishi.

Nimemjibu jana. Nimesema neno nimelipokea, na kikapu cha sadaka nimekisoma. Nimesema kisiwani Rukuba kuna wanawake wanaojua kusuka mitego ya samaki kwa matete, na kwamba nimeshaongea na mwenye boti. Naondoka Jumatatu asubuhi. Nimemwomba aache nafasi ya kutosha kwenye tanbihi, kwa kuwa majina yatakuwa zaidi ya moja.